Fujita: Mjapani aliyepima tonado kwa kuangalia kilichobomoka

Ukisikia habari za Marekani zikisema tonado ya daraja la 1 imeezua mapaa, au ya daraja la 5 imefagia mji mzima, ujue hizo namba zina mwenyewe. Ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefariki Chicago mwaka 1998. Ile herufi F kwenye kipimo ni ya jina lake.

Kwanza tuelewane. Kiswahili huita vitu vingi kimbunga. Kile kinachotoka baharini na kupiga Msumbiji ni kikubwa, kinafunika mamia ya kilomita. Tonado ni kitu kingine: nguzo ya upepo unaozunguka, inashuka kutoka wingu la radi mpaka chini, mara nyingi upana wake ni mita chache tu au mamia kadhaa, na huweza kwisha ndani ya dakika kumi.

Fujita alizaliwa Oktoba 23, 1920 katika eneo ambalo leo ni jiji la Kitakyushu, Japani. Alisomea uhandisi wa mitambo, akabaki chuoni kufundisha.

Agosti 9, 1945 ndege ya Marekani ilikuja na bomu la nyuklia. Mji uliolengwa kwanza ulikuwa Kokura, jirani kabisa na alipokuwa yeye. Mawingu na moshi vikaufunika, shabaha haikuonekana, bomu likapelekwa Nagasaki. Yaani jamaa alinusurika kwa sababu ya hali ya hewa.

Baadaye alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu. Makaburini alikuta vyombo vya mianzi vya kuwekea maua vimeungua upande mmoja tu. Akapima kila alama ya moto inaelekea wapi, na kwa hesabu hiyo akakadiria bomu lilipasukia wapi angani. Kazi yake yote iliyofuata ilikuwa ya namna hiyo: kitu kimeshapita, yeye anasoma alama zilizobaki.

Mwaka 1947 alifuatilia dhoruba ya radi akiwa kituo cha mlimani, akagundua kwamba ndani yake kuna hewa nyingi inayoporomoka kwenda chini. Ripoti ya Mmarekani Horace Byers kuhusu jambo hilohilo ilimfikia baada ya kuokotwa kwenye taka za kituo cha rada cha Wamarekani. Akamwandikia. Byers akamwita Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1953 akahamia huko.

Mwaka 1957 tonado ilipiga Fargo, North Dakota. Fujita alikusanya picha zipatazo 200 zilizopigwa na wakazi na waandishi, akazipanga dakika kwa dakika hadi akaona wingu lilivyozaa tonado.

Kilichobaki kigumu kilikuwa kupima nguvu. Chombo cha kupimia upepo hakiwezi kutegwa mahali ambapo hujui tonado itapita, na ikipita inakivunja. Basi mwaka 1971 alitoa kipimo chake, F0 hadi F5, kinachoanzia kwenye uharibifu na kurudi nyuma hadi kwenye kasi ya upepo.

Watu hupenda kusoma habari za F5. Lakini tonado nyingi ni za F0 na F1, zile zinazoitwa dhaifu, na hapo ndipo kipimo cha Fujita kinafanya kazi kila siku.

F0 kwake ilikuwa kilomita 64 hadi 116 kwa saa. Matawi yanavunjika, miti yenye mizizi mifupi inalala, mabango yanaharibika. F1 ni kilomita 117 hadi 180. Hapo paa linaanza kubanduka, na gari lililo mwendoni linasukumwa nje ya barabara. Nyumba nyepesi za kuhamishika, ambazo Wamarekani wengi huishi, zinapinduliwa. Si mchezo, na watu wamekufa ndani ya nyumba hizo kwa tonado ambayo kwenye karatasi ni dhaifu.

Sababu ni hesabu. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Upepo ukivunja dirisha au mlango unaingia ndani na kusukuma paa juu, huku ule unaopita nje ukilivuta. Kama kenchi zimeshikwa na misumari michache tu, paa linaondoka. Likiondoka, kuta zinabaki hazina kitu cha kuzishikilia.

Hapohapo ndipo na udhaifu wa kipimo ulipo. Kinapima kilichobomoka, na nyumba hazifanani. Upepo uleule unaweza kuangusha banda na kuacha nyumba ya jirani. Wahandisi waliona pia kwamba kasi alizoweka kwa madaraja ya juu zilikuwa kubwa mno. Mwaka 2007 Marekani ikaanza kutumia kipimo kilichoboreshwa, chenye aina 28 za majengo na miti ya kulinganishia. F5 ya Fujita ilianzia kilomita 420 kwa saa. Mpya inaanzia 322. Madaraja ya chini hayakubadilika sana, na F1 imekuwa kilomita 138 hadi 177.

Aprili 3 na 4, 1974 tonado 148 zilipiga majimbo 13, zaidi ya watu 300 wakafa. Fujita alipanda ndege ndogo kuzikagua njia zake. Sehemu fulani miti haikulala kwa kuzunguka, ilikuwa imeanguka kuelekea nje pande zote, kama nyota. Alikuwa ameshaliona umbo hilo Nagasaki.

Mwaka uliofuata Boeing 727 ilianguka ikitua New York, watu 113 wakafa. Fujita akasema ni upepo ulioporomoka kutoka wingu la radi, ukagonga ardhi na kusambaa. Akauita maikrobasti. Wataalamu kadhaa walimpinga, wakidai amebuni jina jipya la kitu cha zamani. Mwaka 1978 rada karibu na Chicago zikaunasa. Leo viwanja vikubwa vya ndege vya Marekani vina rada za kuuwinda upepo huo, na marubani hufundishwa kuukwepa.

Kumbe muda wote huo Fujita hakuwa ameona tonado kwa macho yake. Aliiona ya kwanza Juni 12, 1982 karibu na Denver, akiwa na miaka 61.

Alifariki Novemba 19, 1998. Mpaka leo, asubuhi baada ya dhoruba, wakaguzi wa hali ya hewa wa Marekani hutembea mashambani wakitazama miti imelalia upande gani. Ikiwa imeanguka kuelekea nje, wanaandika maikrobasti. Ikiwa imejikunja kuelekea ndani, wanaandika tonado, na namba inayofuata mara nyingi ni 0 au 1.