Maisha ya Hermann Föttinger

Mtu aliyepanda pikapu yenye gia za kujibadilisha zenyewe huenda amepata kuona jambo hili: dereva atoapo gia katika P na kuitia katika D, gari hushtuka kana kwamba limepigwa teke kwa nyuma. Lakini magari mengi ya namna hii huingia gia kwa upole. Kwa upole huo twapaswa kumshukuru mtu ambaye kazi yake ilianza katika meli.

Hermann Föttinger alizaliwa mwezi wa Februari, 1877, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Alisoma elimu ya mitambo ya umeme mjini Munich, na mwaka 1899 akaingia kazini katika kiwanda cha meli cha Vulcan, mjini Stettin. Siku zile meli kubwa zilianza kutumia tabini, yaani gurudumu la mapanga lizungushwalo na mvuke. Tabini hutaka mbio, lakini rafadha isukumayo meli hufanya kazi vyema ikizunguka polepole. Kuviunganisha kwa magurudumu ya meno kulikuwa na shida, maana nguvu ilikuwa kubwa mno.

Föttinger akapata njia nyingine. Weka pangaboi mbili zitazamane, uwashe moja tu. Upepo wake utaizungusha ya pili, wala hazigusani. Basi yeye alitia magurudumu ya mapanga ndani ya chombo kimoja chenye maji. La kwanza huyatupa maji, la pili huyapokea na kuzunguka, na la tatu, lisilozunguka, huyageuza njia ili nguvu ya kuzungusha iongezeke. Uvumbuzi huo aliuandikisha mwaka 1905.

Mwaka 1909 alifanywa profesa huko Danzig, na mwaka 1924 akahamia Berlin. Wakati huo wengine waliichukua fikra yake, wakatia mafuta badala ya maji. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza motakaa ya Oldsmobile yenye gia za kujibadilisha, ambayo injini yake iliungwa kwa mafuta. Chombo chenye gurudumu la tatu kilienea katika magari baada ya vita, lakini mwenyewe hakuyaona hayo. Tarehe 28 Aprili, 1945, siku chache tu kabla ya vita kwisha Ulaya, kipande cha kombora kilimwua mjini Berlin.

Kwa nini basi pikapu nyingine hushtuka? Nyuma ya chombo hicho ziko klachi zibanwazo kwa nguvu ya mafuta yayo hayo. Mafuta yakipungua, klachi huchelewa, kisha hubana kwa ghafla. Injini ikienda mbio mno hali gari limesimama, kishindo huzidi. Pengine raba zishikazo injini na giaboksi zimekwisha, au viungo vya propela shafti vimelegea. Dereva mwenye busara hukanyaga breki, huiacha injini itulie, ndipo aingize gia; na kishindo kikiendelea, hupima mafuta kabla ya kulaumu giaboksi.

Föttinger alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuunganisha nguvu bila kugonganisha vyuma. Nasi tusiiharibu kazi yake kwa haraka na uvivu wa kupima mafuta.