Maisha ya Noah Webster, mwalimu wa maneno



Mara hii sisi wa darasa la sita tumechagua maisha ya Noah Webster. Jina lake linaonekana juu ya kamusi nyingi za Kiingereza, lakini yeye mwenyewe alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 10, 1758, katika Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, naye aliweka shamba rehani ili mtoto asome kwenye Chuo cha Yale. Webster alimaliza mwaka 1778, katikati ya vita vya uhuru. Baba alimpa noti moja ya dola 8, tena pesa ile ilikuwa imeanguka sana, kisha kijana akapaswa kujitafutia. Njo hivi alianza kufundisha.

Wakati ule watoto walijazana ndani ya chumba kimoja, na vitabu vilitoka Uingereza. Tena kitabu chao kiligawanya maneno vibaya. Neno «cluster», maana yake kichala, kiliandika clu-ster. Webster aliona kwamba inafaa kuligawanya sawa vile kinywa kinavyolisema: clus-ter. Mwaka 1783 alitoa kitabu chake. Juu ya vokali aliweka namba za kuonyesha sauti. Maneno mafupi yalitangulia, yale marefu yakafuata, na wanafunzi waliyasoma kwa sauti.

Kitabu kile cha jalada la buluu kiliuzwa kwa mamilioni. Kilifika hata kwa watu weusi waliokuwa watumwa. Frederick Douglass, angali mtumwa, alijifunza mwandiko kwa kunakili herufi zake. Booker T. Washington alipotoka utumwani, mama yake, ambaye hakujua kusoma, njo alimtafutia kitabu hiki.

Lakini kutamka bila kuelewa ni kazi ya kasuku. Mwaka 1806 Webster alitoa kamusi ndogo, kisha akaanza ile kubwa, kazi ya miaka karibu 20. Ili kufuata asili ya maneno alisoma lugha nyingi, hata Kiebrania na Kiarabu. Mwaka 1824 alivuka bahari kutafuta vitabu Paris na Cambridge. Alipofika neno la mwisho, mwezi wa 1, 1825, mkono ulimtetemeka, akatembea chumbani mpaka akatulia. Kamusi ilitoka 1828, vitabu viwili, maneno karibu 70,000. Bei ilikuwa dola 20, watu wengi hawakuweza. Hata uzeeni aliweka nyumba rehani ili ichapwe mara ya pili. Alikufa tarehe 28 mwezi wa 5, 1843, mwenye miaka 84.

Si yote aliyotaka yalikubaliwa. Wamarekani walipokea «honor» na «center», lakini walikataa «wimmen» pahali pa «women». Tena mengi aliyoandika juu ya asili ya maneno yalikuwa na makosa, wengine wakayasahihisha nyuma.

Ndugu, sisi tunajifunza Kiingereza namna gani? Tunaandika neno, pembeni Kifaransa chake, tunameza usiku mmoja mbele ya mtihani. Kesho yake neno limekimbia. Na likitamkwa na mtu mwingine, hatulitambui, juu tulilijua kwa macho tu. Webster anatuonyesha kwamba neno liko na sauti, herufi na maana, na vyote vitatu vinaenda pamoja. «Orphan» usiishie kuandika «orphelin». Eleza kwa maneno mepesi unayoyajua: a child whose father and mother are dead. Hapo umetumia maneno mengine nane, na lile moja limepata mizizi.

Basi tunaomba hivi: katika masomo ya jioni, kila darasa lichague maneno kumi, liyatamke kwa sauti mbele ya mwalimu, liyaeleze kwa Kiingereza chenyewe. Mtihani wa Serikali hauko mbali. Aliyeanza na noti moja ya dola 8 alifika neno la 70,000. Sisi kumi kwa siku hazitatushinda.