Grace Hopper: Mwalimu wa Hisabati na Lugha za Mashine

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Rungwa, mkoani Singida, tulimwona mtoto aliyewagawia wenzake wanne karanga 24 pasipo kukosea, akaeleza kwa Kikimbu alivyofanya, kisha akasimama bubu mbele ya ubao. Hesabu aliijua. Kilichomshinda ni kuihamisha. Ndipo tulipomkumbuka Grace Hopper.

Mama huyu alizaliwa New York mwaka 1906. Utotoni alizifungua saa saba za kengele ili aone zifanyavyo kazi. Mwaka 1931 alianza kufundisha hisabati katika Chuo cha Vassar. Huko aliwaagiza wanafunzi waandike insha juu ya kanuni ya hisabati, nao wakanung'unika kwamba hawakuja kusoma Kiingereza. Hakuwasikiliza, aliamini kwamba hesabu isiyoelezeka haimfai mtu.

Vita vilimpeleka jeshi la majini, na mwaka 1944 akaanza kazi ya kompyuta huko Harvard. Mwaka 1952 alikamilisha programu iliyochukua vipande vya hesabu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga katika lugha ya tarakimu ya mashine. Wengi hawakusadiki.

Baadaye alitaka amri ziandikwe kwa maneno ya kawaida. Yeye na wenzake wakaonyesha programu ndogo kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakuu wa kampuni walifadhaika: mashine ya Kimarekani yawezaje kujua lugha za kigeni? Kumbe haikujua hata Kiingereza. Ilibadilisha ishara kwa ishara tu. Kikimbu nacho kingefaa.

Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa COBOL mwaka 1959. Lakini kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na lahaja yake, na mwaka 1967 jeshi lilimwita tena Hopper kusimamia usanifishaji. Katika mihadhara aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, mwendo wa nuru katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Zana rahisi iliyoje! Alifariki mwaka 1992.

Siku ya pili tulimwomba mtoto yule aeleze hatua zake kwa Kikimbu, mwenzake azitamke kwa Kiswahili, nasi tuandike. Hatua mbili zilipita salama. Penye alama ya kugawanya walikwama wote wawili, na kengele ikalia.