Joseph Wright: mwongoza punda aliyeokoa maneno ya vijijini

Joseph Wright alizaliwa mwaka 1855 karibu na mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, katika familia maskini. Akiwa na miaka sita alikuwa akiongoza mkokoteni wa punda kwenye machimbo ya mawe, akipeleka zana za wachimbaji kwa mhunzi zikanolewe. Mwaka uliofuata aliingizwa kiwanda cha sufu. Elimu ya shule aliipata kidogo tu.

Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zilipigana. Kiwandani, waliojua kusoma waliwasomea wenzao habari za vita magazetini. Wright, kijana wa miaka 15, hakuweza kujisomea. Akaanza kujifunza, kisha akajiunga na shule ya usiku. Mwaka 1876, kwa akiba yake ndogo, alivuka bahari hadi Antwerp, akatembea kwa miguu mpaka chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 1901 akawa profesa Oxford.

Usomi haukumfanya akionee aibu Kiingereza cha kwao. Wakati huo shule na reli zilikuwa zikieneza Kiingereza cha aina moja, na maneno ya vijijini yalichukuliwa kuwa makosa ya watu wasiosoma. Wazee walikuwa wakifa nayo.

Kulikuwa na chama kilichoanza kuyakusanya tangu 1873, na Wright akakabidhiwa kazi ya kutunga kamusi. Vikaratasi alivyopokea vilikadiriwa kufika tani moja. Wachapishaji waliogopa hasara, naye akatia fedha zake mwenyewe. Mkewe Elizabeth, msomi wa lugha pia, alimsaidia. Kamusi hiyo ya lahaja ilitoka kati ya 1898 na 1905, juzuu sita.

Ndani yake limo neno laik, kucheza, ambalo wafanyakazi wa viwandani walilitumia pia kwa kukaa bila kazi. Lililetwa na mabaharia wa Skandinavia zaidi ya miaka elfu iliyopita. Limo pia nesh, mtu asiyestahimili baridi, lenye asili katika Kiingereza cha kale kabisa. Kumbe yaliyoitwa makosa yalikuwa urithi.

Wright alifariki mwaka 1930. Watoto wake wawili walitangulia, wangali wadogo. Msikilizaji, baadhi ya maneno aliyoyaandika leo hayasemwi tena popote. Yanajulikana kwa sababu mtu aliyekua akiyasikia hakuyadharau alipopata elimu.