Alessandro Volta na Hewa ya Topeni

Umekwisha kujifunza kwamba betri ya tochi hutoa umeme. Betri ya kwanza ilitengenezwa na Alessandro Volta mwaka 1800, na kipimo kiitwacho volti kimepewa jina lake. Hapa utasoma jambo jingine alilolifanya, ambalo watu wengi wamelisahau.

Volta alizaliwa mwaka 1745 katika mji wa Como, katika nchi iitwayo leo Italia. Husimuliwa kwamba alifika umri wa miaka minne kabla ya kuanza kusema, hata jamaa zake wakadhani ni bubu. Alipokua akawa mwalimu wa fizikia.

Mwezi wa Novemba, 1776, Volta alikuwa kando ya Ziwa Maggiore, karibu na mji wa Angera, mahali penye matete mengi. Alichokoza tope kwa fimbo, na mara mapovu yakapanda. Watu wengine walikwisha kuona mapovu kama hayo, wakapita tu. Volta alijaza chupa maji, akaigeuza mdomo chini juu ya mapovu. Hewa ikapanda ndani ya chupa na kuyasukuma maji nje. Alipoisogezea moto, hewa hiyo iliwaka kwa mwali wa buluu.

Je, ilitoka wapi? Volta alichunguza mahali pengine pengi. Aliona kwamba hewa hiyo hupatikana pale ambapo mimea na wanyama wameoza chini ya maji. Siku hizi tunaiita methani. Hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viishivyo mahali pasipo na oksijeni. Volta hakuvijua vijidudu hivyo. Alifariki mjini Como tarehe 5 Machi, 1827.

Sasa fikiria Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi. Huko wakulima humwagilia mashamba ya vitunguu, na Wadatoga hufuga ng'ombe na mbuzi. Mti ukikatwa kwa ajili ya kuni, mwingine huchukua miaka mingi kukua. Na moshi wake hudhuru macho na mapafu ya mpishi. Lakini kinyesi cha ng'ombe hupatikana kila siku. Ukichanganya ndoo moja ya kinyesi na ndoo moja ya maji, ukatia katika shimo lililojengwa kwa matofali na saruji, lisiloingiza hewa, vijidudu vitafanya kazi ile ile ya topeni. Gesi hupita katika bomba hadi jikoni. Tope linalobaki ni mbolea nzuri ya vitunguu. Kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kimefundisha mafundi wengi kujenga mitambo hiyo.

Hata hivyo, kazi si rahisi. Ng'ombe wanaochungwa mbali mchana kutwa hutupa kinyesi porini. Tena mtambo unahitaji maji kila siku, na wakati wa kiangazi mashamba nayo huyahitaji. Kwa hiyo humfaa zaidi mtu mwenye ng'ombe wawili au watatu awalishao zizini, na mwenye maji karibu.

Kesho asubuhi nenda kwenye zizi la kwenu au la jirani. Hesabu ndoo za kinyesi cha usiku mmoja, kisha uliza maji huchotwa umbali gani. Andika majibu yako katika daftari. Usijaribu kuwasha gesi wewe mwenyewe.