Dennis Wilson: Mtoto wa Kati

Ndugu na jamaa zangu, mimi niliyetumikia serikali nyumbani kabla ya kuhamia California sikuwa mtu wa muziki wa roki. Wajukuu ndio walionizoesha nyimbo za Beach Boys ndani ya gari, nami nikavutwa na jambo moja: bendi ile ilikuwa ukoo. Brian, Dennis na Carl Wilson ni ndugu wa tumbo moja; Mike Love ni mtoto wa shangazi yao; Al Jardine pekee alikuwa rafiki.

Dennis, wa kati, alizaliwa tarehe 4 Desemba 1944, akakulia Hawthorne, karibu na Los Angeles. Alikuwa mtundu, na baba yao, Murry, alikuwa mkali wa kupiga. Bendi ilipoundwa mwaka 1961, nduguze hawakumtaka. Mama yao, Audree, ndiye aliyeshikilia kwamba naye aingizwe. (Kila ukoo una mtoto wa namna hiyo. Nasi tunaye wetu, wala hapana haja ya kumtaja.) Kumbe miongoni mwao ni yeye tu aliyekuwa hodari wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na ni yeye aliyewahimiza kuuimba mchezo huo. Wimbo wao wa kwanza, "Surfin'", ulitokana na rai ya yule asiyetakiwa.

Akapewa ngoma. Studioni mara nyingi walikodiwa wapigaji wengine, kama Hal Blaine, lakini jukwaani watazamaji walimshangilia yeye. Utunzi wake ulichelewa kuonekana: "Little Bird" mwaka 1968, "Forever" mwaka 1970, kisha mwaka 1977 albamu yake mwenyewe, Pacific Ocean Blue, iliyoitangulia ya kwanza ya kaka yake Brian kwa miaka 11.

Hakujua kumfungia mtu mlango. Mwaka 1968 alimpokea nyumbani kwake Charles Manson na wafuasi wake, ambao mwaka uliofuata, akiwa amekwisha kuachana nao, walifanya mauaji ya kutisha.

Pombe na dawa za kulevya zikamshinda. Tarehe 28 Desemba 1983, akiwa na miaka 39, alizama Marina del Rey, akipiga mbizi kutafuta vitu alivyovitupa zamani kutoka katika mashua yake. Kwa idhini ya Rais Reagan, alizikwa baharini tarehe 4 Januari 1984.

Audree aliishi hadi mwaka 1997, bila kaburi la mwanawe la kuzuru.