Mwenye Heri Isidore Bakanja, Shahidi wa Kazini

Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Kongo, kibarua wa waashi huko Mbandaka. Hapo alisikia habari za Yesu, akafundishwa na wamonaki Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, katika siku za Pasaka. Akavaa skapulari ya Bikira Maria, nayo ikawa alama yake ya Ukristo.

Baadaye alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni, akaenda naye Ikili. Huko hapakuwa na padre. Bakanja alifanya kazi yake kwa uaminifu, akasali rozari, na wenziwe akawafundisha sala. Msimamizi wa mahali pale aliichukia dini, akamwamuru aivue skapulari, naye hakukubali. Basi mwaka 1909 akapigwa mapigo zaidi ya 100 kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, kisha akafungwa minyororo. Majeraha yakaoza, akaugua miezi. Lakini alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Akafariki tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994, nazo zilikuwa siku za Pasaka.

Ndugu wapendwa, Bakanja hakuwa padre wala mwalimu. Aliichukua Pasaka yake mpaka jikoni na kazini. Je, sisi tuliobatizwa, wenzetu wa shambani na sokoni watutambua kwa alama gani?